Kabla Uuziwe Mfumo wa Kuhifadhi Data, Uliza Swali Moja

Wasee, leo naongea na nyinyi wenye biashara. Duka, saluni, kinyozi, saiba, chama, hata wewe wa mitumba unayeweka rekodi zote kwa simu. Kila wiki naona posti mpya ya kutuambia tuhamishe data "kwa wingu". Anayeandika hajawahi kuuza hata mkate, lakini anajua apu gani ni kali kwa duka lako. Nawasema bila huruma kwa sababu mimi pia nilikuwa mmoja wao.

Mathee ana duka hapa Dandora, Phase 3. Miaka yote alikuwa anaandika madeni kwa kaunta buku, ile ya gamba gumu, kalamu imefungwa na uzi. Unga, mafuta ya kupima, sukari robo, jina na tarehe. Nikamwambia hiyo ni mambo ya kitambo. Nikamwekea apu ya bure, tukanakili majina yote, na kurasa za kaunta buku zikaisha kufungia watu pilipili.

Baada ya miezi sita simu ikanyakuliwa kwa steji. Nikamtuliza: "Mathee, usijali, data iko kwa wingu." Nikachukua simu ingine, nikaweka apu, ikaniambia itatuma namba ya siri kwa laini niliyofungulia akaunti. Manze, hiyo ilikuwa laini yangu ya zamani, nilikuwa nimeiacha mwaka mzima. Laini ikikaa bila kutumika hupewa mtu mwingine. Nikapiga, akashika mzee fulani mpole sana. "Kijana, hii namba ni yangu sasa." Nikaandikia wenye apu, nikajibiwa na mashine. Hadi leo.

Pesa iliuma, lakini si hiyo iliniuma zaidi. Mathee alibaki kudai watu kwa kukumbuka tu. Akamwambia jirani yetu wa mlango wa pili kwamba ana deni la shilingi 640. Jirani akasema, "Si nilikulipa Jumamosi, kijana wako akiwa hapo?" Wakanigeukia wote wawili. Ni kweli nilikuwa hapo, lakini sikukumbuka. Hawa wamama wamekuwa chama kimoja tangu niko darasa la pili. Tangu siku hiyo, jirani hupita mlango wetu akaenda kununua unga duka la mbele.

Kwa hivyo usiniulize apu gani ni poa au ina nafasi ya giga ngapi. Uliza hivi: siku hiki kitu kitapotea, nitarudishiwa rekodi zangu na nani, kwa njia gani, na je, nimeshajaribu?

Ukiuliza hivyo, kila kitu unachouziwa kinaonyesha ubovu wake. Simu inaibiwa. Flashi ya bei ya kutupa, imeandikwa 1 TB, mara nyingi ni feki: inakubali kunakili faili zote, halafu siku ya kuzifungua unapata zimeharibika. Kompyuta ya dukani inategemea stima, na tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ililala giza. WhatsApp, ambayo wengi wenu mmeifanya stoo ya oda na risiti, ilizimika dunia nzima kwa masaa tarehe 4 Oktoba 2021.

Na hilo wingu? Liko chini kama sisi, ndani ya jengo lenye kuta na waya. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kilishika moto huko Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja ambao data yao iliisha hapo, kwa sababu hawakuwa na nakala kwingine. Halafu Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, intaneti ya Kenya ikawa ya kutambaa. Data yako ni salama, sawa, lakini mteja amesimama kaunta na wewe unatazama kaduara kakizunguka.

Kaunta buku nayo inalowa, inaliwa na panya, inaungua. Wafanyabiashara wa Gikomba hawahitaji kuambiwa habari ya moto.

Basi kosa ni kufikiri lazima uchague moja. Mafundi wa data wana kanuni ya siku nyingi: nakala tatu, kwa vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na jengo. Si ya mabenki pekee. Sisi sasa tunafanya hivi. Kaunta buku imerudi kaunta. Jioni kabla ya kufunga, mathee anapiga picha kurasa za siku hiyo, na picha zinaenda Google Drive, ambapo unapewa giga 15 bure. Hiyo inatosha maelfu ya kurasa. Jumapili nanakili kila kitu kwa flashi ya duka la kuaminika, inakaa kwa auntie Kayole. Akaunti ni ya mathee kwa laini anayotumia kila siku, na paswadi imeandikwa kwa karatasi inayokaa na kitambulisho chake. Mara moja kwa mwezi tunachukua simu ingine kabisa, tunaingia, tunatafuta ukurasa wa tarehe fulani. Ukikosa kuupata, ujue hauna nakala hata kama unalipia.

Najua kuna mtu ataniambia, "Buda, M-Pesa inaweka rekodi zote." Safaricom inajua aliyelipa kwa M-Pesa. Haijui aliyekopa unga, wala aliyelipa na noti ya mia mbili. Mwingine atasema apu inajumlisha hesabu yenyewe. Kweli, na ni kazi nzuri. Itumie, lakini kabla hujaingiza jina la kwanza, jaribu kutoa rekodi zako zote kwa faili unayoweza kufungua na Excel. Ikikataa, hiyo apu ndiyo itakuwa na biashara yako, wewe utakuwa unaazima.

Tena angalia inaomba ruhusa gani. Apu ya kuandika madeni inataka kusoma namba zote za simu yako ya nini? Majina na namba za wateja ni data yao, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alipiga faini kampuni ya apu za mikopo karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia namba za watu kuwasumbua. Mteja wako alikuamini na deni lake, hakukubali litangazwe.

Wiki iliyopita nilienda mlango wa pili kuomba msamaha kwa ile 640. Nilimwambia kosa halikuwa la mathee, lilikuwa langu. Jirani alinikaribisha, akanipa chai, tukaongea vizuri. Lakini unga bado ananunua duka la mbele.

Leo jioni, kabla ujibu hii posti, azima simu ya mtu ujaribu kufungua rekodi zako za mwezi jana. Ukishindwa, una usiku wa leo wa kurekebisha, na simu yako bado iko mfukoni.