Msiikate Sauti ya Bibi

Miaka kadhaa iliyopita nilimrekodi bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, akighani tungo zake mwenyewe kwa karibu saa nzima. Kinasa sauti kilihifadhi faili ya WAV, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Ofisini fundi akaiona nzito. Akaigeuza MP3 ya sampuli 8,000, kisha akafuta ile ya kwanza. "Si inasikika, kaka?" Nikasema inasikika. Kosa hilo ni langu pia.

Nilipokaa kuziandika tungo, nikakwama kwenye ubeti mmoja. Bibi anataja nyumba isiyo na thamani. Au isiyo na samani? Vina vinakubali yote mawili, mizani vilevile. Lakini nyumba isiyo na viti ni umaskini. Nyumba isiyo na thamani ni tusi, na ubeti mzima unageuka. Nimesikiliza mpaka nimechoka. Na bibi ametangulia mbele ya haki.

Masikio yangu hayana kosa. Faili ya sauti haibebi masafa yanayozidi nusu ya kiwango chake cha sampuli. Kwa sampuli 8,000, kila kilichopita hezi 4,000 kimekatwa, kama kwenye simu za zamani. Na ule mvumo mkali wa "s", unaoitenga na "th" na "f", sehemu yake kubwa iko juu ya hapo. Ndiyo maana tukitaja jina kwenye simu tunasema "S ya sukari". Juu ya hayo, MP3 hutupa tena kile inachokadiria kuwa sikio halitakikosa. Sikio la nani? La mshairi halikuulizwa.

Halafu kuna wanaonishauri, eti igeuze iwe WAV tena, ipandishe hadi sampuli 96,000, ipeleke kwenye hifadhi. Huo ni uongo. Programu hujaza nafasi kwa kukisia kutokana na sampuli zilizobaki, kilichofutwa hakirudi. Ni kuongeza maji kwenye mchuzi na kudai nyama imeongezeka. Ubaya zaidi, mtafiti wa kesho ataona "WAV, 96,000" na kuamini ameshika asili.

Najua mtaniambia habari ya nafasi na bei ya bando. Sawa. MP3 ina kazi yake: kutumiana, kusikilizishana. Simwonei mtu. Ninachodai ni kwamba igeuzwe nakala, asili isiguswe. Saa moja ya msemaji mmoja, kwa sampuli 48,000 na biti 24, ni kama MB 520 tu. Kadi ya GB 64 inabeba zaidi ya saa 100. Bado nzito? Tumia FLAC, inayobana bila kutupa chochote. Hata miongozo ya IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, inataka angalau 48,000 na biti 24.

Sisi wapenzi wa fasihi, diwani ikitoka na herufi moja imekosewa, tunamrukia mchapishaji. Lakini fasihi simulizi ikikatwa nusu ya masafa yake, tunauliza tu kama inasikika.

Kwenye daftari langu nimeandika "samani", nikaweka alama ya kuuliza. Bibi hakuitunga alama hiyo. Tumemwekea sisi.