Dhiraa Yetu na "Pole" Yao

Wapo miongoni mwetu, na baadhi yao ni walimu, wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakifai kufundishia hesabu na sayansi katika shule za sekondari kwa kuwa maneno yake yana maana nyingi mno. Mfano waupendao ni mkono. Mkono, wasema, ni kiungo cha mwili. Ni sehemu ya shati. Ni ndizi, ukiongeza tembo. Ni zawadi ya mtoto siku ya Idi. Na hapo kale ulikuwa kipimo cha urefu, yaani dhiraa. Lugha ya namna hii, wauliza kwa dhihaka, itatupimia daraja?

Hoja hii ni kasumba, na dawa yake imo katika lugha ile ile wanayoisujudia. Kiingereza kina neno "pole", lisilohusiana kabisa na pole yetu ya kumfariji mfiwa wala ya mwendo wa kobe. Kwanza ni mti mrefu wa kusimamishia hema au bendera. Pili ni kipimo cha urefu cha yadi tano u nusu, karibu mita 5.03. Tatu ni kipimo cha eneo, kwani Mwingereza alitaja "pole" ya ardhi akimaanisha mraba wenye urefu huo kila upande, na eka moja ilikuwa na 160 za namna hiyo. Nne ni ncha ya dunia, na vilevile ncha ya sumaku. Tano, likianza kwa herufi kubwa, ni mtu wa Poland! Ni mhandisi gani wa Uingereza aliyeshindwa kujenga reli kwa sababu ya neno hilo? Sisi tuna mlingoti, nguzo, ncha na Mpolandi, kila kimoja na jina lake.

Na hiyo dhiraa inayochekwa haikuwa ya kubahatisha. Wazee wa pwani walitofautisha mkono kamili, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mkono konde, unaoishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Shibiri ilitoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Futuri iliishia kidole cha shahada. Mikono miwili ni wari. Minne ni pima, urefu wa mikono yote miwili ya mtu ikinyoshwa, na kwa pima walihesabu kamba, kina cha kisima na kina cha bahari. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, toka Bagamoyo hadi Ujiji, shuka ilihesabiwa mikono minne na doti mikono minane. Huo ni mfumo, ambao kila kizio chake kina uwiano na mwenzake, na wasafiri wa Kizungu walilazimika kujifunza hesabu ya doti ili walipe hongo na kununua chakula njiani.

Kasoro yake hatuifichi. Mikono ya watu hailingani, na mwuzaji mwenye mkono mfupi alimpunja mnunuzi. Mita, iliyowekwa kwa sheria huko Ufaransa mwaka 1795, haina kiwiko, na hakuna mwenye akili anayetaka dhiraa irudi dukani. Lakini futi twaitaja bila haya, ingawa kwa Kiingereza si chochote ila unyayo! Unyayo wa mgeni ni sayansi. Mkono wa babu ni ushamba.

Tanzania imefundisha hesabu kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi tangu mwaka 1967. Mtoto hujifunza mzingo, eneo na pembetatu, akaelewa, kisha siku ya kwanza ya sekondari huambiwa kwamba maneno hayo hayamtoshi tena, hali pembetatu ni ile ile. Wangapi wamenyamaza darasani tangu siku hiyo, wakahesabiwa kuwa wajinga wa hesabu?

Mwalimu anayetaka ushahidi asiende mbali. Awape wanafunzi wa kidato cha kwanza kazi ya kupima dawati kwa mkono na shibiri, kila mmoja aandike jibu lake, watafute wastani, waugeuze kuwa sentimita, waeleze kwa nini majibu yamepishana. Kisha awaulize kama yuko hata mmoja aliyepima kwa mkono wa shati.