Pikipiki Inazima na Kuwaka? Kataa Kupigiwa Ramli



Mtauliza bwana shamba anahusikaje na pikipiki. Anahusika. Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani kwa sababu bila hizo hawawafikii wakulima. Na ninyi bila pikipiki mazao hayafiki Mkata wala soko la Korogwe. Ikizima njiani, nyanya hazisubiri. Taa zikikatika usiku barabara ya Segera, kwenye malori na mabasi, hapo si hasara ya nyanya tena.

Ninachopinga ni tabia moja. Pikipiki inazima, unaitikisa inawaka, kesho inazima tena. Unaipeleka kwa fundi. Hajapima chochote, anasema, "Betri hiyo." Unanunua. Wiki ijayo, "CDI hiyo." Unanunua. Kisha koili, kisha rektifaya. Huo si ufundi, ni ramli. Na mpiga ramli hulipwa hata mgonjwa asipopona, hasa akiwa ndiye anayeuza spea.

Kila msimu tunakwambia: usipulize dawa kabla hujafunua moyo wa mhindi ukamwona kiwavijeshi. Shambani umekubali. Kwa nini kwenye pikipiki unapuliza tu?

Kifaa kilichoungua kabisa hakiwaki tena. Kinachozima na kuwaka, mara nyingi ni waya uliolegea, kutu au maji. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, fanya haya:

1. Angalia inazima wakati gani. Ikipita kwenye mashimo, tafuta waya uliolegea. Baada ya mvua au kuoshwa, tafuta maji kwenye soketi. Ikichemka, kisha inawaka ikipoa, koili ndiyo ya kushuku kwanza.

2. Safisha na kaza vichwa vya betri. Fuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye fremu. Piga msasa kutu na rangi hapo, kaza tena.

3. Injini ikiwa inawaka na gia iko nyutro, pinda usukani kushoto na kulia huku ukigusagusa waya za shingoni. Ikizima, tatizo lipo hapo. Waya unaweza kuwa umekatika ndani na ganda lake la nje likabaki zima.

4. Chomoa soketi moja moja. Ukiona kutu ya kijani, safisha, kausha, rudisha hadi ibane.

5. Pima betri. Betri nzima iliyojaa, pikipiki ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6. Washa, piga resi kiasi: isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, kosa lipo kwenye mfumo wa kuchaji, na betri mpya nayo itaisha. Ikipita 15, shuku rektifaya, maana chaji hiyo inaua betri.

Fyuzi ikikatika mara kwa mara, usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi inakuambia kuna waya unaogusa chuma. Ukiinyamazisha, waya zitaungua, na tangi la petroli liko juu yake.

Najua jibu: "Fundi wetu hana mita." Mita ndogo ya kupimia umeme ni bei ndogo kuliko betri moja. Kijiwe kimoja cha bodaboda kikichanga, mita inatumika na wote.

Na wewe mwenye pikipiki usijitoe kwenye lawama. Ukimwambia fundi, "Badilisha chochote, nina haraka," umemfundisha kubahatisha kwa hela yako. Mafundi wazuri wapo Handeni na Korogwe. Utawajua: wanauliza kabla ya kufungua, wanapima kabla ya kuuza. Hao walipe kwa muda wao hata kama wamekaza nati moja tu, kwa sababu wamekuokolea bei ya betri.

Asiyetaka kupima, mwambie kwa heshima, "Fundi, nionyeshe mita inasoma ngapi." Akikasirika, sukuma pikipiki yako uende kwa mwingine.