Kumuigiza Mhaya Si Utani

Imekuwa ada katika mabaraza yetu ya pwani, watu wakishasali Isha na kahawa ikiwa inazunguka, kukumbushana nyimbo za vichekesho za zamani. Huyu ataitaja kanda aliyokuwa nayo, yule ataimba kibwagizo cha wimbo mashuhuri uliogeuzwa maneno, na wote watakubaliana kwamba siku hizi hakuna tena kicheko kama kile. Yalaiti zirudi! Na katika hazina hiyo inayoliliwa, Mhaya hakosekani. Mwigizaji amekunja ulimi, amekuwa mtu wa Bukoba anayejisifu kwa elimu yake na Kiingereza chake. Ama amejifunga khanga na kubana sauti, akawa mwanamke wa Kihaya anayetaja bei.

Nami nilikuwa mmoja wa waliocheka, sijitoi.

Miaka michache iliyopita kijana wa nyumba yetu alioa binti wa Kiislamu kutoka Muleba. Baba yake alikuja kwa basi, safari ya kuvuka nchi nzima, na siku ya walima alikuwa amekaa nasi juu ya busati, kanzu nyeupe na kofia ya mkono. Sijui ni nani aliyeuweka wimbo mmoja katika hizo za zamani. Vijana wakacheka, na watu wazima wakacheka. Mzee naye alitabasamu, maana mgeni mwenye adabu hawezi kufanya vingine. Ulipokwisha akaniinamia akaniuliza polepole: "Shehe, huyu bwana alikuwa akiimba lugha gani?" Nikamjibu kwa haya kuwa nadhani ni Kihaya. Akasema: "Hamna hata neno moja la Kihaya ndani yake."

Wasomaji wetu watukufu, hakuna aliyesema kucheka ni haramu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akifanya mzaha na Masahaba zake, na katika mzaha wake hakusema ila kweli. Lakini Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwa Bibi Aisha (R.A.) khabari ambayo ingefaa isomwe katika kila baraza linalolilia kanda hizi. Bibi Aisha alimtaja Bibi Safiya kwa ufupi wa kimo chake, na Mtume akamwambia kwamba ametamka neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyabadilisha. Kisha Bibi Aisha akamuigiza mtu mbele yake, na Mtume akasema hapendi kumuigiza mtu hata kama angepewa kadha wa kadha. Angalieni: hapa hapakuwa na matusi wala uwongo. Palikuwa na kuigiza tu. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amewakataza watu kuwadhihaki watu wengine, akawataja na wanawake peke yao, kisha akakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Sisi tumewaita ndugu zetu "nshomile" mpaka tumesahau kwamba ni kejeli.

Watatujibu: huo ni utani. Hapa pana ghalati kubwa. Utani tunaujua, babu zetu waliuishi, na utani una deni. Mtani anayekucheka leo ndiye atakayekuja kesho kwenye msiba wako, ashike jembe, afanye kazi ambayo wafiwa hawawezi. Naye ukimcheka hana ruhusa ya kukasirika. Sasa sisi na watu wa Kagera, tuliwekeana lini utani huo? Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, ni wangapi katika mabaraza haya waliokwenda kuzika kwa haki ya utani? Na upande wa pili: akitokea mchekeshaji wa bara akavaa kilemba, akaigiza shehe wa pwani mvivu mwenye kupenda pilau na kuandika hirizi, huwa hatusemi ni utani. Tunasema dini imetukanwa.

Lakini linaloniuma zaidi ni lile la wanawake. Kichekesho cha mwanamke wa Kihaya hakikuanza na kanda. Tangu zama za Waingereza wako wanawake waliotoka Buhaya wakaenda Kampala, Nairobi na Mombasa, na baadhi yao waliishi kwa kuuza miili yao. Hilo halikanushiki. Lakini nani aliuliza walikimbia nini? Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, kilikuwa mali ya ukoo na kikirithiwa na wanaume. Mwanamke aliyeachwa hakuwa na pa kusimama. Wako waliorudi na fedha zao wakanunua mashamba, na hao katika nyimbo za vichekesho hawamo.

Mwaka 1988 mwanamke mmoja mzee wa Muleba, asiyekuwa na wa kumtunza, aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wasia. Jamaa wa ukoo wakamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba haki yake ni sawa na ya mwanamume. Sisi ambao Suratun Nisaa imetufundisha tangu karne kumi na nne kwamba mwanamke ana fungu lake, ndio tuliopasa kusimama na mwanamke yule kabla ya jaji. Tulikuwa tunacheka.

Mas'ala ya ala na ngoma siyaingii, maulamaa wameyasema na wamekhitalifiana. Nasema hili tu: sauti ya Bukoba yenyewe imetufikia. Saida Karoli aliimba Kihaya cha kweli, na tangu mwaka 2001 "Maria Salome" ilipigwa harusini mpaka huku kwetu, wengi wakibandika maneno ya kubuni pale wasipofahamu. Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia wimbo huo kwa namna yao mwaka 2016, ambao ndio mwaka tetemeko la Septemba 10 lilipobomoa nyumba za Bukoba. Wimbo ulitupendeza. Kuuliza maana yake hatukuuliza.

Kicheko kile cha zamani kilikuwa chepesi kwa sababu anayechekwa hakuwamo barazani. Sasa yumo. Ni mke wa mwanetu, na wajukuu zetu wanamwita bibi yao wa Muleba kwa simu kila Ijumaa.

Moja katika kanda hizo ninayo mpaka leo, ndani ya kabati. Mwanangu mdogo aliniomba aitie katika simu yake awapelekee wenzake. Nimemkatalia, na amenuna.