Tukienda kuhesabu ndege Uganda, viti si vya wakubwa

Wasikilizaji wapenzi, na nyinyi mnaosoma maneno haya kwenye simu ya jirani kwa sababu yenu ilibaki kijijini siku ya kukimbia, leo nasema juu ya ndege. Nasema ndege wenye manyoya, si zile zinazonguruma usiku juu ya turubai zenu.

Tangu majuma machache kuna mpango unaozungumzwa hapa Beni: kutuma ujumbe wa watu kumi na wawili Uganda, kwenye siku kuu ya kuhesabu ndege. Huko wanaiita Big Birding Day. Shirika la NatureUganda ndilo linaiandaa kila mwaka. Watu wanajigawa katika vikundi, wanaingia porini, mabwawani, hata mijini, na kwa muda wa saa 24 kila kikundi kinaandika aina zote za ndege kilizoona au kusikia. Mwishoni wanalinganisha orodha. Kwa waongozaji wa watalii ni siku ya kuonyesha ujuzi; kwa serkali yao ni siku ya kutangaza nchi yenye aina zaidi ya 1,000 za ndege.

Mpango ni mzuri. Ninaupinga jinsi ulivyo sasa, na nitasema sababu. Lakini nianze na wale wanaoupinga kwa sababu isiyofaa.

Juzi katika kipindi cha simu baba mmoja alituambia kwamba kwenda kuangalia ndege wakati watu wanalala kwenye turubai ni kuwatukana waliokufa. Nilimwacha amalize, maana hasira yake ina msingi. Aliyezika ndugu zake Eringeti hana deni la kumchekea mtu mwenye darubini shingoni. Lakini tuangalie ng'ambo ya mpaka. Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari huko Mpondwe, karibu kabisa na Kasindi, wakaua wanafunzi katika mabweni. Oktoba mwaka ule ule wakaua watalii wawili na mwongozaji wao ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Ni wauaji wale wale wanaotuua sisi. Waganda walizika, walilia, waliongeza askari, na kazi ya ndege ikaendelea. Hawakufunga pori wakingoja amani ya milele.

Sisi tumezoea wimbo wa « kwanza amani ». Kwanza amani, kisha barabara. Kwanza amani, kisha masomo. Mauaji ya halaiki yalianza hapa Beni Oktoba 2014. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule ameshaota kimo cha baba yake, na bado anaambiwa angoje.

Sasa jambo ambalo wengi hapa mjini hawalijui, ingawa wakaaji wa Watalinga wanalijua tangu tumboni mwa mama zao. Ng'ambo ya mto Semuliki, huko Bundibugyo, kuna hifadhi ndogo ya taifa yenye jina la mto huo. Ina kilomita za mraba 220 tu. Virunga yetu, iliyoundwa mwaka 1925 na iliyo ya kwanza katika Afrika yote, inaimeza mara nyingi. Lakini katika kipande hicho zimeandikwa aina zaidi ya 400 za ndege, na wageni wanasafiri kutoka Ulaya na Marekani, wanalipa hoteli, kibali na mwongozaji, ili kutembea humo siku mbili tatu. Kwa nini? Kwa sababu ni ncha ya pori la Ituri. Ni pori letu lililovuka mto. Mna ndege ambao karibu hawapatikani mahali pengine popote nchini Uganda, kwa kuwa ni ndege wa pori kubwa la Congo. Yaani mgeni anaona ndege wa Congo bila kukanyaga Congo, na pesa zinalala Bundibugyo. Siwalaumu Waganda. Mwenye soko tulivu ndiye anayeuza.

Ila nauliza: ni nani anayewajua ndege hao kuliko nyinyi mliotoka Kamango, Mbau na Eringeti? Mtalinga wa huku na Mbwisi wa Bundibugyo wanasema lugha moja. Mnande wa huku na Mkonzo wa Kasese vilevile. Mkimbizi wa Watalinga akisimama katika pori la Semuliki hahitaji mkalimani: jina analoliita ndege ndilo jirani yake wa Uganda anaweza kulielewa. Nimewahi kukaa na mama mmoja mwenye shamba la kakao ambalo hajaliona kwa miaka mitatu. Alinieleza jinsi hondohondo wanavyosikika mabawa yao kabla hawajaonekana, na namna anavyotofautisha yule mkubwa na yule mdogo kwa sauti hiyo peke yake, akiwa ameinama anapalilia. Wambuti nao wanamfuata ndege wa asali hadi kwenye mzinga. Hakuna hata mmoja wao aliye na cheti cha jambo hilo.

Kuna habari moja ya zamani inayofaa isomwe kwa sauti katika kikao cha waandaaji. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin, aliyetumwa na makumbusho ya New York, alikuwa Avakubi, huko Ituri. Aliona unyoya katika kofia ya mkaaji wa pale, na hakuujua. Akauhifadhi. Ilipofika 1936, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa na kusahauliwa, wamebandikwa jina lisilo lao, akatambua kwamba unyoya wake ni wa ndege huyo huyo. Ndipo dunia ikatangaziwa tausi wa Congo. Miaka 23! Na yule mwenye kofia? Alimjua ndege wake, pengine alimla, na jina lake halikuandikwa popote. Chapin ana sifa, simnyimi. Nasema tu kwamba jibu la swali lake lilikuwa limesimama mbele yake Avakubi, limevaa kofia.

Sasa orodha. Nimeona rasimu yake. Kati ya majina kumi na mawili, nane ni ya watu wa ofisi: mkuu, naibu wake, mhasibu, wawili wa protokole, na wengine ambao kazi yao sikuielewa hata baada ya kuuliza. Protokole ya nini? Chozi akinyonya ua la mgomba hangoji apangiwe kiti. Wakubwa hawa watafika Kasese, watakaa chini ya hema la heshima, watapigwa picha, watachukua perdiemu zao, na watarudi na ripoti ya kurasa nne ambayo nitaombwa kuisoma redioni. Tumeshawaona wakienda hivyo kwenye mikutano ya kilimo, ya maji, ya wanawake. Mwanamke mwenye jembe hakuwamo.

Kuna kiti kimoja kimewekwa kwa ajili ya mwandishi wa habari. Nikikipewa mimi, nakitoa leo hii, kiende kwa yule mama wa kakao. Nitamhoji akirudi. Kipindi kitakuwa kizuri zaidi.

Mmoja wa waandaaji alinijibu kwamba watu wa porini ndio wanaotega ndege, hasa kasuku, na kuwapeleka ni kutuaibisha. Ni kweli, wapo waliotega. Tangu mwaka 2017 biashara ya kasuku wa porini kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku duniani kote, na ni vema. Lakini aliyepanda mti na ulimbo alipewa faranga za chumvi na sabuni. Aliyepata dola ni mwenye makaratasi, na huyo hakai chini ya turubai. Tena aliyepanda mti ndiye anajua kasuku wanazaa katika miti gani. Ukitaka kuwalinda, utamwanzia nani?

Ugumu wa kweli ni makaratasi, na hapo ndipo waandaaji wangetoa jasho. Kila mwaka redioni tunasoma ujumbe kwamba ndege hawajui mipaka. Ndiyo. Sisi tunaijua vizuri sana. Kutoka Beni hadi Kasindi ni kilomita karibu 80, na kwenye njia hiyo magari yameshachomwa na watu wameshauawa. Inatakiwa kusafiri mchana, kwa saa ambazo askari wapo barabarani. Pale mpakani unaulizwa hati ya usafiri na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Ili kupata hati ya usafiri unaulizwa karte ya mchaguzi. Na karte ya mchaguzi iliungua pamoja na nyumba. Basi mkimbizi anapaswa kwanza kuomba hati ya kupoteza vitambulisho, na kwa kila dirisha kuna mkono unaongoja kitu. Mtu wa ofisi anamaliza safari hiyo kwa simu moja. Mwenye hema anahitaji mwezi, kama ana nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi.

Kwa hiyo pesa za hoteli za wakubwa zigeuzwe kuwa makaratasi ya watu sita. Wanawake watatu, wanaume watatu: wawili kutoka Watalinga, wawili kutoka Mbau na Eringeti, wawili Wambuti, wachaguliwe na wenzao katika kambi na katika jamaa zinazowapokea, si na chifu peke yake. Vijana wa vikundi vya mazingira waende nao, maana wao ndio wana simu za kurekodi sauti na wanajua kuandika orodha. Mtu mmoja wa serkali anatosha, wa kujibu maswali mpakani.

Wakifika huko, wasikae kwenye hotuba. Uganda kuna chama cha wanawake waongozaji wa ndege. Yule mama akae nao mezani, awaulize walianzaje, mgeni analipa nini kwa siku, na nani anachukua sehemu gani. Wengi wa waongozaji ni watoto wa wakulima kama sisi. Na siku ile ile ya kuhesabu, sisi tuliobaki tunaweza kuhesabu hapa hapa, kuzunguka kambi, bila hati yoyote. Daftari na kalamu vinatosha. Mwezi wa kumi mbayuwayu wa Ulaya wanakuwa wameshaanza kufika.

Waandaaji wanakutana tena Jumamosi, saa tatu ya asubuhi. Wamesema ni kikao cha wazi. Wakaaji wa kambi, njooni, hata kama mtasimama nje ya dirisha. Mimi nitakuwepo na kinasa sauti, na swali langu litakuwa moja: wasome majina kumi na mawili, na baada ya kila jina waseme huyo mtu anaweza kutaja ndege wangapi.