Je, Riwaya Hii Bado Inatahiniwa?

Aghalabu husemwa kwamba vijana wa Eastlands hawasomi. Nami nilikuwa miongoni mwa wasemao hivyo, hadi likizo ya Aprili nilipokaa juma zima kwa dada yangu, mtaani Kaloleni.

Masika yalikuwa yamekolea. Asubuhi nilimsaidia mpwa wangu kupanda miche ya sukuma wiki katika magunia yaliyojazwa udongo na samadi. Mchana aliikuta mezani Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora. Akauliza, "Mjomba, hii bado inatahiniwa?" Nilipomjibu la, akaifunga.

Jumamosi tulitoka sote, dada na wanawe, hadi maktaba ya Kaloleni, iliyokarabatiwa na shirika la Book Bunk lililoasisiwa mwaka 2017. Humo tuliwakuta watoto wakisoma bila kushurutishwa na yeyote. Mpwa wangu akajichagulia kitabu, akakaa nacho hadi saa kumi.

Wasomi wenzangu, kosa si la mtaa. Ni sisi tuliowafunza vijana kwamba riwaya ni maswali na majibu, na kwamba mtihani ukipita, nayo imekwisha. Napendekeza kila mwanachama ajitolee Jumamosi moja kila mwezi kusoma na watoto wa mtaani kwake, pasipo maswali wala alama.

Nilipoaga, mpwa wangu alikuwa amefika katikati ya riwaya ile ile aliyoifunga.