Mwacheni Mura na Kaseti Zake za Gemu Mbovu

Mjini Mugumu, wilayani Serengeti, kuna jamaa anachekwa na kila mshkaji anayeingia geto kwake. Wenzake wanapiga gemu kwenye simu. Yeye ana TV ya chogo, pedi za waya na boksi la kaseti za gemu ambazo hata zilipokuwa mpya zilikuwa mbovu. Mchumba wake, binti wa Tarime, kashasema: kabla ya harusi, makopo yatoke. "Mura, chumba ni kimoja. Mimi nikae wapi?"

Bibie ana hoja. Ila wanaosema jamaa kachanganyikiwa ndio wanaokosea.

Gemu nzuri haihitaji mtetezi. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 inajulikana dunia nzima, haiendi popote. Inayopotea ni ile kaseti ya njano iliyoandikwa "9999 in 1". Waliokua nayo wanaujua utapeli wake: unashuka na orodha weee, kumbe gemu ni chache tu, zimerudiwa kwa majina tofauti. Nyingine inakuanzishia mbele kidogo, basi nayo imehesabiwa gemu mpya! Halafu kuna vituko kama Somari ya mwaka 1994, kutoka Taiwan: Mario anakimbia kwenye dunia ya Sonic. Nani alimruhusu? Hakuna.

Sasa, hizo feki ndizo watoto wengi wa huku walizozijua. Tanzania Bara ilikuwa haina hata kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Gemu zilipoanza kuzagaa madukani, kopi ndiyo iliyokuwa inashikika kwa bei ya mzazi wa kawaida. Mtoto wa Tarime aliyekatikiwa umeme akiwa hatua ya mwisho, na gemu haisevu, hakulia kwa sababu ni feki. Alilia kwa sababu ilikuwa yake.

Wamarekani walishapitia hili. Mwaka 1982 Atari walitoa gemu ya E.T., iliyotengenezwa kwa wiki tano hivi. Ilikuwa mbovu mpaka kaseti zikabaki bila wanunuzi, na mwaka 1983 nyingine zikafukiwa jalalani huko New Mexico. Mwaka 2014 watu wakaenda kuzifukua! Moja ikaishia makumbusho ya Smithsonian. Walitupa, halafu wakalipa gharama kutafuta walichotupa. Nani atakuja kufukua jalala la Mugumu?

Na msimshauri auze ile chogo kwa wa vyuma chakavu. Bunduki ya Duck Hunt inategemea mwanga wa TV za zamani. Kwenye flati unalenga bata mpaka kesho, hafi. TV ikiondoka, bunduki inabaki plastiki.

Kwa hiyo jamaa naye alegeze. Kaseti zinazofanana agawe, abaki na boksi moja chini ya kitanda, chogo ikae kwenye kona. Halafu ampe bibie pedi ya pili, wacheze ile mbovu kuliko zote. Gemu nzuri watu hununiana wakifungwa. Gemu mbovu wanacheka wote wawili, na ndoa inahitaji hicho kuliko nafasi ya kabati.

Na wewe unayemcheka, kaseti za kwenu ziliishia wapi?